Ubatizo wa "bleu": desturi iliyotoka Leuven na swali ambalo wazazi wa Kanyabayonga wanapaswa kuuliza

KANYABAYONGA. Mwaka wa masomo unapofunguliwa, barabara ya kwenda Butembo hubeba abiria wa aina moja ambaye kila dereva anamtambua. Ni kijana mwenye godoro lililofungwa kamba, ndoo, sanduku la bati na mfuko wa maharage. Nyuma yake ameacha mzazi aliyeuza mbuzi, au aliyekopa pesa ili minervali ya kwanza ilipwe. Tangu mji ulipoangukia mikononi mwa M23, tarehe 28 Juni 2024, vijana wengi hawaanzi tena safari hiyo kutoka nyumbani kwao. Wanaianzia katika familia zilizowapokea kama wakimbizi, na mzigo wao ni mdogo zaidi. Lakini tumaini la mzazi ni lile lile: mtoto akasome.

Kuna jambo ambalo mzazi huyo mara nyingi haambiwi. Katika vyuo vingi vya Kongo, mwanafunzi wa mwaka wa kwanza hana jina siku za mwanzo. Anaitwa "bleu". Waliomtangulia wanajiita "poils", na kabla hawajamkubali kuwa mwenzao ni lazima wambatize. Maji ya ubatizo huo ni ya matope. Waliopita humo wanasimulia mambo yanayofanana kutoka Kinshasa hadi Lubumbashi: kunyolewa kipara, kuamshwa usiku, kutambaa chini, kuvaa nguo ndani nje, kuimba nyimbo za aibu mbele ya wasichana, kuwachotea maji wakubwa, kutoa pesa ya "karibu". Kwa Kifaransa jambo hilo linaitwa bizutage. Burundi na Rwanda wanalijua kwa jina la kunyuzura. Katika shule za bweni za Kenya, mtoto wa kidato cha kwanza ni "mono", na mono naye ana hadithi zake.

Wengi wanacheka wakisimulia. Wengine hawasimulii kabisa. Na wapo wanaosema kwa uhakika kwamba hii ni mila, kwamba ndivyo ilivyokuwa tangu zamani. Neno hilo "tangu zamani" linastahili kuchunguzwa, kwa sababu desturi hii ina tarehe, ina mahali ilipotoka, na ina njia iliyopita hadi kufika hapa.

Sinema ya kutisha iliyopigwa Liège

Mwaka 2016, mtengenezaji filamu Mfaransa Julia Ducournau alileta katika tamasha la Cannes filamu yake ndefu ya kwanza ya sinema, Grave. Ni filamu ya kutisha, lakini haina mzimu wala mchawi. Hadithi yake inaanza siku msichana aitwaye Justine anapofika kwenye chuo cha udaktari wa mifugo. Familia yao haili nyama kabisa. Usiku wa kwanza tu, wakubwa wanavamia vyumba, wanatupa magodoro nje na kuwatambaza wapya kwa magoti. Kesho yake wanawamwagia damu ya wanyama. Kisha kila mmoja anapangwa kwenye mstari ili ameze figo bichi la sungura.

Justine anakataa. Anayemlazimisha si mtu wa mbali. Ni yaya yake mwenyewe, Alexia, aliyetangulia katika chuo hicho hicho. Yaya anaogopa kuaibishwa na mdogo wake mbele ya wenzake, kwa hiyo anamwingizia nyama mdomoni. Kuanzia hapo kitu kinaamka ndani ya Justine ambacho hakuna tena anayeweza kukilaza. Filamu ilipoonyeshwa Toronto mwaka huo huo, gari la wagonjwa liliitwa kwa sababu ya watazamaji waliozimia. Miaka mitano baadaye, Ducournau alipata Palme d'Or, tuzo kubwa ya Cannes, kwa filamu nyingine, Titane.

Wamarekani nao wana filamu zao za jinsi hiyo. Mwaka 2018 Daniel Robbins alitoa Pledge, filamu huru ya kutisha kuhusu vijana watatu wasiopendwa na mtu chuoni, ambao siku moja wanakaribishwa katika nyumba ya kifahari ya klabu ya wanafunzi. Wanafurahi kwamba hatimaye kuna waliowapenda. Mchezo unageuka kuwa mateso, na mateso yanageuka kuwa mauaji. Watengenezaji hao hawakuhitaji kubuni mengi. Nchini Marekani, hesabu ya mwandishi Hank Nuwer, aliyefuatilia jambo hili kwa miongo mingi, inaonyesha kwamba kila mwaka kuanzia 1959 hadi 2021 angalau mwanafunzi mmoja alikufa katika vitendo vya namna hii.

Lakini kwa msomaji wa Kivu ya Kaskazini, Grave ina jambo moja zaidi. Ilipigwa Liège, nchini Ubelgiji. Na ni kutoka Ubelgiji desturi hii ilipopanda ndege kuja Kongo.

Kutoka Leuven hadi kilima cha Kinshasa

Wabelgiji walitawala Kongo miaka mingi bila kufungua chuo kikuu hata kimoja kwa ajili ya Wakongomani. Kijana mwenye akili alipelekwa seminari, au alifundishwa kuwa karani na muuguzi msaidizi. Thomas Kanza, aliyemaliza masomo Leuven mwaka 1956, alikuwa Mkongomani wa kwanza asiye padri kupata shahada ya chuo kikuu huko Ubelgiji. Uhuru ulipofika tarehe 30 Juni 1960, waliokuwa na shahada katika nchi nzima walihesabika kwa urahisi.

Mwaka 1954 Chuo Kikuu cha Kikatoliki cha Leuven kilizaa mtoto wake wa Afrika juu ya kilima, kando ya Léopoldville, ambayo leo ni Kinshasa. Kilipewa jina la mzazi wake kwa Kilatini: Lovanium, yaani Leuven. Msimamizi wake wa miaka ya mwanzo alikuwa Monsinyori Luc Gillon. Mwaka 1959 kilima hicho kilipata mtambo wa nyuklia wa utafiti, wa kwanza katika Afrika. Mwaka 1956 chuo cha pili, cha serikali, kilifunguliwa Élisabethville, yaani Lubumbashi ya leo. Waprotestanti wakaongeza cha tatu huko Stanleyville, sasa Kisangani, mwaka 1963.

Pamoja na maabara, toga na vitabu, walimu na wanafunzi wa Kibelgiji walileta maisha yao ya chuo jinsi walivyoyajua. Huko kwao, mwanafunzi mpya ni "bleu". Akishabatizwa, mvulana anakuwa "poil" na msichana "plume". Kuna kamati ya wakubwa, kuna nyimbo, kuna kofia maalumu, kuna bia nyingi. Neno bleu lenyewe ni la kambi ya jeshi: katika jeshi la Ufaransa bleu ni kuruta, askari aliyeingia jana na ambaye kila mtu ana haki ya kumfokea. Kwa hiyo anayesema leo kwamba kumbatiza bleu ni mila ya mababu, hajui kwamba hata majina anayotumia hayakuzaliwa hapa. Yalikuja na shahada.

Inafaa kukumbuka pia hali ya Mkongomani wa miaka ya hamsini. Mtu mzima aliitwa "boy" na mtoto wa mzungu. Msomi mweusi alilazimika kupita mtihani wa kadi ya "évolué" ili ahesabiwe kuwa amestaarabika, na wakaguzi waliweza kufika nyumbani kwake kuona kama anakula kwa uma. Mtu aliyepita hapo alikuwa tayari amebatizwa mara nyingi na ukoloni. Akafika chuoni, akakuta ubatizo mwingine. Tofauti ni kwamba huu ulimwahidi kitu: vumilia mwaka huu, na mwakani utakuwa wewe mwenye kuamuru.

Siku dola lilipowafanya wote kuwa kuruta

Wanafunzi wa Lovanium hawakuwa watu wa kuinamisha kichwa siku zote. Machi 1964 waligoma wakitaka sauti katika uongozi wa chuo. Tarehe 4 Juni 1969 waliandamana katika mitaa ya Kinshasa wakidai posho na haki zao, na askari wa Mobutu wakawafyatulia risasi. Wengi walikufa.

Miaka miwili baadaye, Juni 1971, wanafunzi walipotaka kuwakumbuka wenzao, Mobutu alifunga Lovanium na kuwaingiza jeshini wanafunzi wapatao 2,000. Watu waliokuwa wakisoma sheria na udaktari walijikuta wamevaa sare, wakikimbizwa asubuhi na masajenti ambao hawakuwa wamemaliza shule ya msingi. Neno bleu lilirudi nyumbani kwake, kambini. Safari hii hakukuwa na poil wala bleu. Wote, wa mwaka wa kwanza na wa mwisho, waligeuzwa kuwa kuruta wa mtu mmoja.

Agosti 1971 vyuo vitatu vya nchi viliunganishwa kuwa kimoja, UNAZA, Chuo Kikuu cha Taifa cha Zaire, kilichodumu hadi 1981. Wanafunzi walihamishwa kutoka mji mmoja hadi mwingine kufuatana na kitivo, wakabeba pia desturi zao. Usiku wa 11 kuamkia 12 Mei 1990 kampasi ya Lubumbashi ilivamiwa na watu wenye silaha, na wanafunzi wakauawa. Idadi yao inabishaniwa hadi leo.

Mambo haya si ya pembeni. Yanaonyesha kwamba kwa miaka thelathini mwanafunzi wa Kongo aliona kutoka juu namna moja tu ya kumkaribisha mtu: kumpigisha magoti kwanza. Dola lilifanya hivyo kwa bunduki. Wakubwa wa bweni walifanya hivyo kwa ndoo ya maji machafu. Aliye chini ya wote wawili alijifunza somo lile lile.

Chuo kinafika Graben

Katika miaka hiyo, kijana wa Lubero au Beni aliyetaka kusoma chuo kikuu alikuwa na safari ndefu: Kisangani, Kinshasa, Lubumbashi. Mambo yalibadilika serikali ilipofungua mlango kwa vyuo vya binafsi mwaka 1989. Mwaka huo huo Askofu Emmanuel Kataliko, aliyeongoza jimbo la Butembo-Beni tangu 1966, alianzisha Chuo Kikuu cha Kikatoliki cha Graben mjini Butembo. Graben ni neno la Kijerumani ambalo wanajiolojia wanalitumia kwa bonde la ufa, lile bonde ambalo mtu akisimama Kanyabayonga na kutazama chini upande wa Rwindi analiona lote mbele ya macho yake.

Kataliko alijulikana kwa jambo moja: aliamini katika mikono ya watu. Wakati serikali ya Kinshasa ilikuwa haionekani, watu wa eneo hili walijenga wenyewe barabara, shule na zahanati kwa michango na kwa salongo. Chuo nacho kilitoka katika roho hiyo. Kikapata vitivo vya udaktari, sheria, kilimo, na pia udaktari wa mifugo, fani ile ile ya Justine katika filamu. Baadaye Butembo na Beni zikapata vyuo vingine, vya kanisa na vya serikali. Kataliko alihamishiwa Bukavu kuwa askofu mkuu mwaka 1997, akafia Roma tarehe 4 Oktoba 2000, baada ya miezi ya kufukuzwa katika jimbo lake na waasi wa RCD.

Kuwa na chuo karibu kulipunguza safari na gharama. Lakini majina yalifika pia. Bleu na poil walipanda milima pamoja na vitabu, kupitia wahitimu waliorudi kutoka Kinshasa na Kisangani na vijana waliosikia hadithi zao.

Si jando

Wanaotetea ubatizo huu husema kila kabila lina namna ya kumvusha mtoto awe mtu mzima, na hii ndiyo namna ya wasomi. Hoja hiyo inafaa kujibiwa kwa heshima, kwa sababu nusu yake ni kweli.

Wanande wana kumbukumbu ya olusumba, tohara ya wavulana iliyofanywa kambini, mbali na macho ya kina mama. Pwani wanaita jando. Makabila mengi ya Kongo, ya misituni na ya milimani, yalikuwa na yao. Kulikuwa na maumivu, kulikuwa na njaa, baridi, nyimbo na maneno ya siri. Kulikuwa hata na vifo, na si haki kuyapamba yaliyopita. Wamisionari walipiga vita kambi hizo, na hospitali zikachukua kazi ya kisu.

Ila tazama nani alisimama pale. Katika jando la pwani kila mwari ana kungwi wake, mtu mzima anayemlinda, anayemlisha, anayemfundisha, na anayejibu mbele ya wazazi kama jambo limeharibika. Mzee wa kambi anajulikana kwa jina, na ukoo wake unajulikana. Mtoto akifa, kuna mlango wa kubisha. Na kuna mafundisho: jinsi ya kuishi na watu, jinsi ya kuheshimu, jinsi ya kuwa mume.

Katika ubatizo wa bleu, kungwi ni nani? Ni kijana wa miaka 20 aliyeteswa mwaka jana. Hakuna aliyemteua, na wazazi hawamjui. Hana cha kufundisha isipokuwa kile alichofanyiwa. Jambo likiharibika, anayeyeyuka gizani ni yeye wa kwanza. Desturi hii imechukua umbo la jando, ikaacha nje mtu wa kujibu. Hapo ndipo filamu ya Ducournau inapokata: Alexia ni yaya, yaani mtu ambaye kwa mila yoyote angepaswa kuwa kungwi wa mdogo wake, lakini siku hiyo anachagua kundi.

Mwanafunzi wa Leuven aliyekufa

Kabla ya miaka miwili kutimia tangu Grave iingie katika kumbi za sinema, mambo yaliyoonekana kuwa ya kubuni yalitokea kweli, na yalianzia Leuven, mji uliozaa Lovanium.

Sanda Dia alikuwa na miaka 20. Alikuwa Mbelgiji mwenye asili ya Afrika, mwanafunzi wa uhandisi katika KU Leuven. Alitaka kuingia katika Reuzegom, klabu ya wanafunzi ambayo wengi wa wanachama wake walikuwa watoto wa familia zenye uwezo na majina. Mwanzoni mwa Desemba 2018 yeye na wenzake wawili walipitishwa katika ubatizo. Usiku wa kwanza walinyweshwa pombe nyingi. Kesho yake walipelekwa kwenye kibanda kijijini Vorselaar, wakakalishwa ndani ya shimo lenye maji ya barafu, wakanyweshwa mchuzi wa samaki wenye chumvi nyingi. Mwili wa Sanda ulipoa, chumvi ikazidi kichwani na katika damu. Alifikishwa hospitali akiwa amechelewa. Alikufa tarehe 7 Desemba.

Kesi ilichukua miaka. Tarehe 26 Mei 2023 mahakama ya rufaa ya Antwerpen iliwapata vijana 18 na hatia ya kusababisha kifo bila kukusudia na ya kumtendea mtu kwa kumdhalilisha. Adhabu: kazi za jamii za saa 200 hadi 300 kwa kila mmoja, na faini ya euro 400. Hakuna aliyeingia gerezani. Wabelgiji wengi walikasirika, wakauliza kama hukumu ingekuwa hiyo hiyo endapo aliyekufa angekuwa mtoto wa wakubwa na waliomtesa wangekuwa watoto wa wahamiaji.

Kwa Wakongomani, habari hiyo ina uzito wake. Desturi iliyoletwa na Leuven, ambayo baadhi ya vijana wa Kongo wanaitetea kama alama ya usomi, iliua mtoto wa Mwafrika aliyekuwa akisoma huko huko Leuven. Nchi yenye polisi, hospitali za karibu, madaktari na mahakama zinazofanya kazi ilishindwa kumwokoa. Mtu ajiulize kitatokea nini usiku mahali ambapo gari la wagonjwa halipo, simu haina mtandao, na barabara imefungwa.

Ufaransa iliamua mapema zaidi. Sheria ya tarehe 17 Juni 1998 iliifanya bizutage kuwa kosa la jinai, hata kama aliyefanyiwa alikubali, na adhabu yake ni hadi miezi 6 ya kifungo na faini ya euro 7,500. Maneno hayo "hata kama alikubali" ndiyo moyo wa sheria hiyo, kwa sababu kila mara anayetesa hujitetea kwa kusema: yeye mwenyewe alitaka.

Kwa nini aliyeumia anamuumiza mwingine

Mwaka 1959 wanasaikolojia wawili wa Marekani, Elliot Aronson na Judson Mills, walifanya jaribio lililojulikana sana. Waliwaomba wanawake wajiunge na kundi la mazungumzo. Baadhi waliingia bure, baadhi walipitishwa katika jaribio dogo la aibu, na wengine katika aibu kubwa. Kisha wote walisikilizishwa mazungumzo ya kundi, ambayo kwa makusudi yalikuwa ya kuchosha na yasiyo na maana. Waliopita katika aibu kubwa ndio waliosema mazungumzo ni mazuri.

Akili ya mtu haipendi kukiri kwamba imeteseka bure. Ikiwa nilitambaa kwenye matope ili niwe mwanafunzi, basi ni lazima matope yawe na thamani. Na njia rahisi ya kuonyesha kwamba yana thamani ni kumtambaza mwingine mwakani. Ndiyo maana "mimi pia nilipita humo" husemwa kama hoja, ingawa si hoja. Katika Grave, wazazi wa Justine walisoma chuo hicho hicho. Walijua kinachomngoja binti yao, wakamshusha mlangoni wakaondoka.

Katika eneo hili swali hilo ni zito kuliko kwingine. Mwanafunzi anayefika Butembo kutoka Kanyabayonga huenda amewahi kulazwa kifudifudi na watu wenye silaha. Anayetoka vijiji vya Beni amekua akisikia mauaji tangu Oktoba 2014. Wapo vijana waliochukuliwa na makundi ya porini wakiwa watoto, wakapigwa na kuchanjwa dawa kabla ya kupewa bunduki, na ambao leo wamekaa darasani kimya kama wengine. Mtu anapogonga mlango wao usiku na kupiga kelele "Magoti chini!", hakuna anayejua ni usiku gani unaorudi katika kichwa chao. Kwa anayepiga kelele ni mchezo. Kwa anayepiga magoti inaweza kuwa kitu kingine.

Sheria za Kongo haziko kimya. Kanuni ya adhabu inamwadhibu anayempiga au kumjeruhi mwenzake kwa makusudi, na haina kifungu kinachosema "isipokuwa chuoni". Sheria namba 09/001 ya tarehe 10 Januari 2009 inamlinda kila aliye chini ya miaka 18, na wengine wanaoingia mwaka wa kwanza hawajafikisha umri huo. Kinachokosekana ni mtu wa kushtaki. Bleu anaogopa kuitwa mwoga, mzazi yuko mbali, na mkuu wa chuo anasikia habari baada ya kila kitu kuoshwa.

Mpe jembe

Waswahili walisema mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Methali hiyo haikatai kwamba mgeni apewe kazi. Inasema apumzike kwanza, ale, ajulikane jina, kisha aingie shambani pamoja na wenyeji, kila mmoja na jembe lake. Ndivyo mtu anavyokuwa wa nyumbani.

Eneo lililojenga chuo kwa salongo halikosi namna ya kumpokea mwanafunzi. Wapya na wakubwa wanaweza kuchimba mfereji pamoja, kupanda miti pamoja, kusafisha soko pamoja Jumamosi moja, na jioni wakaimba mpaka wachoke. Kila mpya anaweza kupewa yaya mmoja wa mwaka wa pili au wa tatu, ambaye jina lake limeandikwa ofisini na namba yake ya simu iko kwa mzazi. Hilo halihitaji bajeti. Linahitaji daftari na kalamu.

Na kabla ya godoro kupakiwa garini, mzazi ana swali moja la kuuliza chuo, na ana haki ya kupata jibu lenye jina la mtu: mtoto wangu akifika hapo usiku wa kwanza, nani anajibu juu yake?